Amezama

Tarehe 4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado anakohoa na bado anakana kwamba anakohoa. Mpwa wako mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila anachosema kinatoka na upepo. Kiwandani tumeletewa mashine mpya ya kukata karatasi, inapiga kelele mpaka napitia prufu, zile nakala za kusahihisha kabla ya kupigwa chapa, nikiwa nimejiziba masikio kwa pamba. Msalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao yupo.

Naandika kwa kuwa tulikubaliana tusipigiane simu. Ile ya mwisho, ulipoikata katikati ya sentensi yangu, niliitumbukiza kwenye beseni la nguo, na wala haikuniponyoka. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, barua huwezi kuikata.

Baba anataka kwenda pangoni.

Ndiyo, lile lile. Jumapili nilimkuta kwenye meza yake ya kuchongea funguo, akaniambia bila hata kuinua kichwa. Daktari amemweleza ukweli. Ile presha ya macho imeshachukua jicho la kulia, na la kushoto halitamaliza mwaka. Akasema, "Nataka niyaone yale maji nikiwa bado naona. Na ninyi wote wawili muwepo." Nikamuuliza kwa nini pale, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekanyaga tangu siku ile. Akasema, "Ninyi nipelekeni tu."

Nimeuliza. Siku hizi pana lango, pana kamati na waongozaji, na ngazi tisini na nne zenye chuma cha kushikilia. Maji hutulia na kuonekana mpaka chini mwezi wa saba. Nimesema tarehe 12 Julai. Shida ni ile nyonga yake, ngazi hizo hawezi. Nilipomwambia vijana wa pale wanaweza kumbeba, alinijibu kwamba yeye si godoro.

Najua unachofikiria sasa hivi. Fikiri unavyotaka, lakini neno lile usiliandike kwenye barua yako. Miaka thelathini na moja inatosha.

Ni mimi, mdogo wako.


Tarehe 27 Februari

Bi Nukta,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea ingawa ilifika imenuna. Sisi wazima. Wifi yako amepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa wodi, na nyumbani pia anatusimamia vilevile. Mwanangu wa kwanza amevunjika mkono akicheza, umefungwa plasta. Mimi niko kwenye jengo la ghorofa kumi na nne ambalo lifti yake inapenda kusimama kati ya ya sita na ya saba. Nimekwisha badili beringi, nimebadili waya, bado. Wapangaji wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeizaa.

Siendi.

Ume sema nisiandike neno. Wewe si mama yangu. Naliandika: AMEZAMA. Na nitakukumbusha maana naona una jifanya umesahau. Wapiga mbizi wa pale, mjomba akiwa mkubwa wao, walikuwa na lugha yao. Mtu akishuka chini ya maji wanasema amezama, na dakika ya pili huyo hapo amerudi, anapanguza uso. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili nika zama kama wao. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ukapanda mbio mpaka pale juu kwa wazee wanaokunywa chai. Wakakuuliza kaka yako yuko wapi. Ukasema, "Kaka amezama." Kwa watu wanaokunywa chai, aliyezama ndiye aliyekufa!

Baba hakujua kuogelea hata kidogo, akajitosa kutoka juu, akaangukia ule mwamba uliojificha chini ya maji. Nyonga ikavunjika. Mtu aliyekuwa anatembea juu ya mapaa ya shule na makanisa kama anatembea sebuleni, akaishia kukaa kwenye kiti anachonga funguo za watu. Ungesema "amepiga mbizi", maneno mawili tu, leo tusinge kuwa tunaandikiana.

Sasa unataka tukakae pale tutazame maji kama watalii? Mpeleke wewe. Ulimpeleka mara ya kwanza.

Kaka yako.


Tarehe 10 Machi

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Pole kwa mkono wa mtoto.

Nakurudishia barua yako. Wino mwekundu ni wangu. Nimehesabu makosa manne. "Umesema" ni neno moja, "unajifanya" ni neno moja, "nikazama" ni neno moja, "tusingekuwa" ni neno moja. Mtu anayeunganisha nyaya kila siku anashindwa kuunganisha herufi? Mstari uliopita katikati ya neno maana yake liondolewe. Kiduara maana yake angalia tena. Na ipo alama moja ambayo sikuitumia: nukta zinazopangwa chini ya neno. Hizo tunaziweka pale msahihishaji alipokata neno, kisha akagundua lilikuwa sawa tangu mwanzo. Maana yake, liacheni lilivyo. Kwenye barua yako sikuona pa kuziweka.

"Ulimpeleka mara ya kwanza." Hiyo nimeikata kwa mistari miwili, karatasi ikatoboka.

Sikiliza. Nilikuwa na miaka tisa. Nilisema neno nililolisikia kwa mjomba asubuhi ile ile, nikiwa najivuna kwa ajili yako, pumbavu wewe! Nilipanda zile njia za mawe nikihema ili watu wajue kaka yangu naye sasa ni mzamaji. Nilidhani watapiga makofi. Jioni yake mama alinizaba kofi mbele ya mlango wa hospitali, akasema ulimi wangu ndio uliovunja nyonga ya mume wake. Hakulirudia tena neno hilo mpaka anaingia kaburini, lakini kila nilipofungua mdomo mbele ya wageni alinitazama, akisubiri nitakachoharibu. Unajua kwa nini nasoma maandishi ya watu mara tatu kabla hayajapigwa chapa? Basi usinicheke kwa jina la Bi Nukta.

Na mimi nina swali, sijawahi kukuuliza. Tulikuita. Watu wazima kumi walisimama ukingoni wakakuita jina lako mpaka sauti zikakauka, kabla baba hajaruka. Ulikuwa wapi, kaka? Ulikuwa wapi tulipokuwa tunakuita?

Nisipopata jibu nitajua nimejibiwa.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Mei

Dada,

Hatujambo. Mkono wa mtoto umepona, plasta imekatwa, anaitunza kama kombe la mpira. Lifti ya kati ya sita na saba nimeiweza: ilikuwa swichi ndogo kama ukucha. Wiki zote zile nilikuwa nalaumu waya.

Nimechelewa kujibu. Usiseme lolote kuhusu hilo.

Kwenye karatasi ya pili nimekuchorea kiti. Vyuma vya bomba, vipimo vyote nimeandika, mikanda mitatu: kifuani, kiunoni na magotini. Pale kwenye mdomo wa pango zifungwe nguzo mbili na kapi, na winchi ya mkono yenye breki. Atateremshwa wima mpaka chini bila kugusa ngazi na bila kubebwa na mtu. Mpe fundi wa kuchomelea anayejua kazi, na mwambie akibadili hata sentimita moja nitakuja kumchomelea yeye. Mzigo wa kwanza wapandishe mifuko ya mchanga, si baba. Kuchora si kukubali. Siendi.

Sasa swali lako. Nimekaa nalo tangu Machi, nimelichukia na nimekuchukia wewe uliyeliandika.

Ndani ya lile pango kuna chumba cha pili. Unazama chini ya mdomo wa mwamba, unahesabu kama sita, unaibukia upande wa pili, kuna hewa na kuna ufa unaoingiza mwanga. Mjomba alinionyesha siku ile. Nilikuwa humo. Nimeshika jiwe, maji yananifika shingoni, na niliwasikia. Niliwasikia nyote! Nilisikia mama analia, nikasikia mjomba anawatukana wasiomsikiliza, nikakusikia wewe. Nilicheka. Nikasema nitahesabu mpaka mia mbili, halafu nitatoka kwa kishindo wanione. Nilikuwa nimefika mia na arobaini na kitu niliposikia kishindo chenyewe, na hakikuwa changu.

Kwa hiyo neno lako lilikuwa kosa, lakini na mimi nilikuwa na nafasi ya kulifuta kwa kupiga ukelele mmoja tu, nikanyamaza. Miaka yote nimekulaumu wewe kwa sauti ili nisijisikie mwenyewe. Umefurahi? Sasa unajua kwa nini siwezi kukaa pale na mzee aliyevunjika akija kuniokoa, nami niko salama nacheka. Anitazame kwa jicho lililobaki? Hapana.

Kaka yako. Wino mwekundu safari hii kaa nao.


Tarehe 19 Mei

Kaka,

Shikamoo. Tumo tu. Shemeji yako hatimaye amekwenda kupimwa kifua, ni vumbi la dukani kwake, amepewa dawa na amri ya kufungua madirisha. Mwenye meno ya upepo ameanza kuota mapya.

Barua yako niliisomea kwenye meza ya kazini. Nilipofika kwenye "nilicheka" nilipiga meza, kikombe cha brashi kikaanguka, msimamizi akaja kuuliza kama mashine imelipuka. Miaka thelathini na moja, kaka. Kila ugomvi, kila kikao, msibani kwa mama wewe ulinigeuzia mgongo kwenye mlango wa jikoni, na kumbe ulikuwa unahesabu! Nilitaka kuja huko nikufungie ndani ya lifti yako kati ya sita na saba.

Halafu nikatazama ule mchoro. Umeandika hata unene wa sponji ya kukalia. Fundi aliyechomelea aliugeuzageuza akauliza, "Huyu aliyechora ni nani?" Nikasema ni kaka yangu, na nikasikia najidai, nikakasirika upya. Kiti kimekwisha. Mifuko ya mchanga imeshuka na kupanda mara tano. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mpumbavu kama watoto wote wa miaka hiyo. Hayo ndiyo yote nitakayokuambia kwa sasa, mengine nitayasema nikiwa nimepoa, kama nitapoa.

Kuna jambo. Kamati ya pango imeleta kazi kwetu kiwandani, kipeperushi cha kugawia wageni langoni. Nimepewa mimi nisahihishe. Ukurasa wa tatu, chini ya picha ya ule mwamba uliojificha, wameandika hivi: "Mwamba huu huitwa Mwamba wa Baba. Hapa baba mmoja asiyejua kuogelea alijitosa majini ili kumwokoa mwanawe." Kaka, wanamjua! Hawajui jina lake ila wanamjua. Wageni watasoma habari za baba yetu.

Jumapili nitampelekea prufu aisome mwenyewe kabla macho hayajafunga. Labda hilo ndilo analoendea kule, na wewe unaogopa jicho linalotaka kukuona tu.

Njoo. Kama hutaki kushuka, kaa langoni. Keti juu ya mfuko wa mchanga.

Mdogo wako.


Tarehe 26 Mei

Kaka,

Sina salamu. Wote wazima.

Jana nilikwenda. Alikuwa kwenye meza ya funguo, kioo cha kukuzia maandishi kimebanwa kwenye jicho la kushoto. Nikampa prufu, nikamwonyesha pa kusoma, nikasimama nyuma yake nikitabasamu kama mjinga. Akasoma. Akasoma tena. Akasema, "Nipe hiyo kalamu yako nyekundu."

Nikadhani ameona kosa la herufi. Akaiinamia karatasi mpaka pua ikaigusa, akapitisha mstari juu ya "ili kumwokoa mwanawe". Pale juu akaandika, kwa zile herufi zake za kupimia mbao: "ili aonekane".

Nikasema, "Baba, hapo umekosea."

"Sikukosea."

"Ulijitosa kumfuata kaka."

"Kaka yako nilimwona," akasema. "Toka ukingoni, kwenye ule ufa. Kichwa chake, na meno. Alikuwa anacheka."

Nilikaa juu ya ndoo. Akaendelea, bila kunitazama, anaipanguza meza ambayo haikuwa na vumbi. Anasema mimi niliposema "amezama" alielewa sawasawa, kwa sababu asubuhi nzima alikuwa akimsikia shemeji yake akiongea hivyo hivyo. Mjomba alikuwa amezama mara saba na kila mara mama alimpigia makofi kaka yake. Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe ameshika viatu vya watu. Watu walipoanza kupiga mayowe aliona ni nafasi. Angejitosa, angekushika mkono, mngeibuka pamoja, na mama angempigia yeye makofi mara moja. Juu ya paa hakujua kuogopa, akadhani na majini ni hivyo. Mwamba hakuuona.

Nikamuuliza, "Mama alinipiga kofi pale hospitalini. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na kaka amekukimbia miaka yote hii."

"Najua."

Basi, kaka. Najua! Mtu mzima, baba wa watoto wawili, anaitwa shujaa na majirani, anapokea pole na zawadi za ndizi kitandani, huku watoto wake wanatafunana kwa ajili ya neno moja, na yeye anajua! Mama amekufa akiniona mimi ndiye nuksi wa nyumba yake. Wewe ulimtoroka ukaenda kujificha kwenye mashimo ya lifti. Mimi nimesahihisha maandishi ya dunia nzima. Na neno halikuwa na kosa!

Niliondoka bila kuaga. Aliita mara moja, sikugeuka.

Siendi pangoni. Kiti kiko kwa fundi, lango limepewa taarifa, tarehe ni ile ile. Mpeleke wewe, au mwache macho yafunge hapo hapo mezani. Mimi nimemaliza.


Tarehe 11 Juni

Dada,

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya paa la lifti, ghorofa ya tisa, na taa ya kichwani. Nilipoimaliza nilipiga ukuta kwa spana mpaka wapangaji wakaita mlinzi. Nikamwambia naondoa kutu.

Aliniona. Mimi nimebeba yale meno yangu kama maiti, na aliyaona, na akanyamaza.

Nitakwenda. Usidhani ni kwa amani. Nataka aniambie pale pale, kwenye mwamba wake, ana kwa ana. Winchi nitaishika mimi, simwachii mtu mwingine.

Njoo na wewe. Kufoka tuliko zoea mimi na wewe, tukamfokee yeye pamoja, walau mara moja. Wifi yako anasema tusiende tukiwa na hasira. Nimemwambia basi hatutakwenda kamwe.

Kaka yako.


Tarehe 14 Julai

Dada,

Wifi na watoto wanakusalimu. Hukunijibu, na juzi hukuja. Nilikaa langoni nikitazama kila gari mpaka saa nne. Sikulaumu. Nakuandikia ili usije ukasimuliwa na mtu mwingine.

Baba alifika amevaa shati lililopigwa pasi, mikunjo inakata. Nilimwamkia kwa sababu mdomo umezoea. Akaniuliza, "Dada yako?" Nikamwonyesha kiti. Aliuliza tena nilipokuwa nafunga mikanda, na mara ya tatu alipokuwa ananing'inia. Kiti chako kimetengenezwa vizuri. Nilimteremsha mwenyewe, taratibu, mwongozaji mmoja akampokea chini na mwingine nikamwachia winchi. Kisha nikashuka ngazi tisini na nne, na kwa kila ngazi nilikuwa napanga nitakachosema.

Nikakisema chote. Nilimfokea, dada. Lile pango linarudisha sauti, kwa hiyo kila tusi nililisikia mara mbili, la pili likiwa limetulia kuliko la kwanza. Yule mwongozaji akajitia anafunga kamba za viatu, kisha akapanda juu kabisa. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Baba akajibu, "Mwanzoni nilikuwa na maumivu. Baadaye nikawa na aibu. Baadaye nikazoea." Sikumsamehe na sikumwambia nimemsamehe. Kofi la mama nalo nilimtajia, na hapo ndipo alipojifunika uso.

Halafu akasema, "Sasa niingize."

Nikakataa. Akaanza kufungua mikanda mwenyewe, kwa vidole vile vya kuchonga funguo, moja, mbili, tatu. Ningefanya nini? Tangu siku ile sijaingia kwenye maji yanayopita magoti, lakini nilivua viatu nikaingia naye. Karibu na ngazi kuna sakafu ya mawe, maji yanafika kifuani. Ni baridi mpaka meno. Mwanga unashuka kutoka juu moja kwa moja, na maji ni maangavu mno, unaona vidole vyako vya miguu. Mwamba wake uko hatua nne tu kutoka hapo. Aliutazama kwa muda mrefu kwa lile jicho moja, kisha ule ufa, kisha mimi. Akasema, "Nishike mkono, usiniachie." Akaziba pua, akakunja magoti, akaingia chini ya maji kichwa kizima.

Nilianza kuhesabu. Mkono wake uko mkononi mwangu, unanibana.

Juu, yule wa kwenye winchi akachungulia. Akaona kiti kitupu, mikanda inaelea. Akapiga ukelele, "Mzee yuko wapi?"

Nikajibu. Sikufikiri, dada, nakuapia, nilikuwa nahesabu na nikajibu tu. Nilisema, "Amezama!"

Yule mtu aliachia chupa ya chai, ikashuka ngazi zote ikitoa mlio, na yeye nyuma yake na viatu vyake. Baba akaibuka, maji yanamtoka kwenye masharubu, anakohoa. Mwongozaji amesimama mbele yetu ametoa macho, hawezi kupumua, ananifokea kwamba nilisema mzee amezama. Nikamwambia, "Nilisema amezama, sikusema amezama!" Alitutazama kama wendawazimu. Na mimi ndipo niliposikia kilichotoka kinywani mwangu. Nina miaka arobaini na mitatu, baba nimemshika mkono, na hakuna neno jingine lililonijia. Hakuna, dada. Ukiwa pale, ndilo neno lenyewe.

Baba aliketi kwenye ngazi ya mwisho, amejifunga koti langu. Akasema, "Hivyo hivyo ndivyo alivyosema mdogo wako. Alisema sawasawa." Akasema nikuambie. Nikamjibu akuambie mwenyewe, jicho bado lipo na mdomo upo, nikampandisha. Bado nina hasira naye. Nitakuja huko mwezi ujao, na nitakaa kwenye ile ndoo mpaka uje, na akuambie nikiwa nasikia.

Ile prufu yake alikuja nayo mfukoni, imelowa, ila wino haukufutika. Naiweka humu. Kalamu nyekundu nimenunua yangu. Nilichukua ile barua yangu ya Februari uliyonirudishia, nikakuta mahali nilipoandika lile neno kwa herufi kubwa nikikutukana nalo. Ulikuwa umelikata kwa mistari miwili.

Nimeliwekea nukta chini, saba, moja kwa kila herufi. Kama sivyo zinavyopangwa, nisahihishe.

Kaka yako.